Mkwe na Sinia la Wachunga Ng'ombe

Bi Faustine alikuwa ameshakwenda msalani mara mbili kabla chakula hakijaletwa. Si kwamba alibanwa. Alishindwa tu kutulia kwenye kiti. Mgahawa wenyewe, pale Wood Green, ulijifanya Marekani ya wachunga ng'ombe: matandiko ya farasi ukutani, fuvu la fahali juu ya kaunta, na wahudumu, wote watoto wa hapo jirani Tottenham, wamevaa kofia pana na kupiga mayowe kila meza ikiagiza. Watu wazima na akili zao! Mwaka ule wa 2008 alikuwa ametimiza miaka kumi na minne London, na alidhani vituko vyote amekwisha kuviona.

Mbele yake alikaa Miradie, binti yake wa pekee, na kando ya Miradie kijana aitwaye Sachin, mfamasia wa Kenton ambaye wazazi wake, Wahindi, walitoka Kisumu. Miradie alikuwa amesema ni rafiki. Rafiki! Binti hapigi pasi blauzi moja mara mbili kwa ajili ya rafiki.

Sinia likaja. Sachin alikuwa ameagiza lile kubwa la kula pamoja: mbavu za ng'ombe zilizopakwa mchuzi mtamu, maharagwe ya pilipili, viazi vilivyofunikwa jibini, mkate wa mahindi. Wote watatu wachote humo humo.

"Karibu, Mama," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Nyanya yangu anasema watu wakila sahani moja, ugeni kwisha."

Masikini, alikuwa na nia njema, na nia njema ndiyo iliyoharibu. Kwao Faustine, milimani nje ya Bukavu, Kongo, mkwe hali mbele ya mama mkwe, seuze sinia moja. Mama yake Faustine hakuwahi kumwona marehemu baba yake Miradie akitafuna hata tonge. Heshima ndiyo hiyo. Miradie hakuyajua hayo kwa sababu hakufundishwa. Aliletwa London ana miaka minane, na mama yake alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuogesha wazee wa watu, akasema mila zitasubiri. Zilisubiri, zikaja kumvizia mezani. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Akila, atakuwa amemfanya Sachin mtu baki. Asipokula, wataona amemkataa. Na kueleza kwa nini hali ni kumwita mkwe, na kumwita mkwe ni kumtoa binti papo hapo, bila wazee, bila posa, chini ya fuvu la fahali. Hakuwa tayari. Ndugu zake walitawanyika, wengine hajui hata walikozikwa, na kule nyumbani ghorofa ya nne alikuwa amebaki na Miradie tu.

Akafunga koti, akalifungua. Akasogeza glasi, akairudisha. Harufu ya nyama ilimpanda puani, naye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi.

"Mum, please. Just eat," Miradie akasema.

"Sina njaa."

Tumbo likanguruma, likamuumbua.

Sachin akaweka uma chini. Uso ulikuwa umemshuka. "Mama, kama ni kwa sababu mimi ni Mhindi, sema tu. Afadhali nisikie kwako."

Miradie akasimama, akanyakua mkoba, macho yamejaa machozi. "I knew it. Come on, we're going."

Faustine akaona wazi kwamba wakiupita mlango ule, atampoteza binti kwa namna mbaya kuliko ndoa. Hofu ikamshika.

"Keti, mutoto wangu. Haiko vile." "Kwetu mukwe hakulake mbele ya mama mukwe. Sasa huyu nitakulaje naye sinia moja?"

Miradie akabaki na mkoba mkononi. Sachin ndiye aliyeelewa kwanza. Akajaza sahani yake, akahamia meza tupu iliyokuwa nyuma ya Faustine, akaketi akimpa mgongo. Mhudumu mmoja akaja mbio, kofia imemwendea upande, akauliza kama kuna tatizo.

Faustine akalivuta sinia. Alikula kama mtu aliyetoka kulima, machozi yakimdondokea kwenye maharagwe, na hakujua kama analilia furaha au analilia nyumba itakayobaki kimya. Nyuma yake alisikia uma wa kijana ukigonga sahani, ukigonga, kisha ukanyamaza. Bila kugeuka, akamsogezea binti yake mkate wa mahindi uliobaki.

"Mupelekee bwana yako," akasema. "Hajashiba."