Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Jumamosi ile baba aliniamsha kwa kugonga dirisha la chumba changu kwa funguo za gari. Kulikuwa kumeshapambazuka, ukungu bado umelala juu ya migomba, na mimi nilikuwa macho kitandani kitambo. Kwa miezi mitatu sikuwa na raha siku za Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ambayo baba aliosha gari lake.

"Toka uje," alisema. "Leo hatuoshi tu. Leo tunalisugua kwa udongo."

Ilikuwa imebaki wiki moja dada yangu aolewe, na gari la baba ndilo lingembeba bibi harusi kutoka nyumbani kwetu Kilema mpaka kanisani misheni. Baba alikuwa bwana shamba mstaafu. Miaka yote ya kazi alipanda na kushuka mlima kwa pikipiki ya serikali, akikagua mibuni ya watu, mvua ikimnyeshea. Alipostaafu, magari ya Japani yaliyokwisha kutumika yalikuwa yameanza kujaa nchini, naye akajinunulia moja, gari dogo la rangi ya damu ya mzee. Aliyemchagulia ni rafiki yake waliyesoma naye chuo cha kilimo, mtu wa Kwa Sadala, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Rafiki huyo alisafiri mwenyewe hadi bandarini Dar es Salaam, akalizunguka gari, akainama kulichungulia chini, akarudi nalo akiliendesha. "Hili halijawahi kuguswa hata na mbuzi," alimwambia baba siku ya kumkabidhi. Baba alilirudia neno hilo kwa kila mgeni aliyefika nyumbani. Walipendana sana wale wazee wawili. Baba alitaka hata awe msimamizi wangu wa ubatizo, ila padri alikataa kwa kuwa mwenzake ni Mlutheri.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga chapa katika ofisi moja ya Moshi mjini. Nilikuwa nimesomea udereva na leseni ninayo, lakini baba hakuwahi kunipa usukani. "Ngoja kwanza," alisema kila nilipoomba. Nikangoja. Kisha yeye na mama wakaenda Dar kumwona mjukuu aliyezaliwa kwa kaka yangu, wakaniachia ng'ombe na funguo za nyumba. Funguo za gari hawakuniachia. Zilikuwa zimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chao, na nilijua.

Siku ya tatu nilizichukua. Nilishuka polepole hadi Himo, moyo unadunda kwa furaha, dirisha nimelishusha. Pale karibu na soko palikuwa na lori limeegeshwa upande wangu wa kushoto, na mbele basi linakuja. Nikajibana kushoto kulipisha basi. Nilisikia sauti kama ya mtu anayechana bati kwa mkono. Ndoana ya lori, ile ya kufungia turubai, ilikuwa imechora mlango wa nyuma wa kushoto kutoka mwanzo mpaka mwisho na kuubonyeza katikati.

Fundi mmoja wa mtaa wa Majengo aliugonga ukanyooka, akaupaka rangi chini ya mti, vumbi la barabarani likipeperuka. Wazazi waliporudi, baba alilizunguka gari mara moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia ndani kula. Nikakaa kimya. Kila Jumamosi alipochukua ndoo na kitambaa nilijitafutia kazi: nikate majani ya ng'ombe, niende mferejini, nimpelekee shangazi maziwa. Nikiwa huko natega sikio, nikingoja kuitwa.

Sasa kaka alikuwa ametuma kifurushi kutoka Dar, alikokuwa akifanya kazi kwa mtu wa kutoa magari bandarini. Ndani mlikuwa na kopo la nta na kipande cha udongo wa buluu, laini kama unga wa chapati uliokwisha kukandwa, kimefungwa kwenye karatasi yenye maandishi ya Kijapani. Katika barua alieleza namna ya kuutumia, na baba aliisoma ile barua kwa sauti, amevaa miwani, kana kwamba anasoma somo kanisani.

"Osha gari kwanza. Liache bichi. Kata udongo vipande vitatu, kanda kimoja kiwe bapa kama kiganja. Nyunyiza maji ya sabuni, kisha telezesha bila kukandamiza. Ukidondoka chini usiutumie tena, utaokota mchanga na kuchuna rangi." Akavua miwani. "Umesikia? Ukidondoka, basi tena."

Alinionyesha kwanza kwa nini udongo unatakiwa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa nailoni, akaupitisha juu ya boneti iliyooshwa, akaniambia nami nifanye vile. Kwa mkono mtupu boneti ilikuwa laini. Kwa mfuko ilikuwa na chembechembe kama ulimi wa ng'ombe. Kisha akapitisha udongo. Mwanzoni ulikwaruza kwa sauti ndogo, baadaye ukanyamaza na kuteleza wenyewe. Alipougeuza, uso wa ule udongo ulikuwa na uchafu wa kahawia, vumbi la miaka ambalo sabuni haikuwahi kulitoa. Akaukunja, akapata uso safi, akaendelea. Baba alikuwa na furaha ya mtoto. Hakuweza hata kusubiri gari zima liishe. Boneti ilipokuwa tayari aliikausha, akaipaka nta kwa mizunguko midogo, akaiacha ikauke kuwa ukungu mweupe.

"Mimi nashika kulia," alisema. "Wewe shika kushoto."

Nilisafisha mlango wa mbele wa kushoto mara tatu. Nilirudia kioo cha pembeni, nikarudia ukingo wa paa. Mikono yangu haikutulia, wala miguu. Nilikwenda kubadilisha maji ambayo hayakuwa machafu. Nikamsikia baba upande wa pili anapiga mluzi, anakaribia buti, na nikajua atazunguka.

Alipozunguka, niliuachia udongo udondoke.

"Ah, samahani baba!"

Aliutazama pale chini kwenye changarawe. Hakukasirika. "Ndiyo maana kaka yako kasema vipande vitatu," alisema, akaenda kuchukua kipande cha mwisho, akakikanda, akaniambia nipumzike. Akaanza mwenyewe, kwenye mlango wa nyuma.

Mkono wake ulikwenda mara mbili, mara tatu, ukasimama. Akapitisha mfuko wa nailoni. Akapitisha tena udongo, akaugeuza. Haukuwa na kahawia. Ulikuwa mwekundu, kama mdomo wa mtu aliyekula ubuyu.

"Unatoa rangi," alisema taratibu. Akapima mlango wa mbele: udongo ukatoka safi. Akarudi nyuma: mwekundu. Akachuchumaa, akautazama mlango kwa ubavu dhidi ya mwanga, akaona kila punje ya vumbi la Majengo iliyokauka ndani ya ile rangi. "Mlango huu umepakwa upya. Hili gari liligongwa."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kitambaa kibichi mkononi. Kilichotoka mdomoni mwangu ni, "Labda ni jua tu, baba."

Alinyanyuka, magoti yakalia. "Aliniambia halijaguswa hata na mbuzi. Mimi nimekuwa nikiwaambia watu." Akaingia ndani, akatoka amevaa koti. "Panda."

Hatukufuta hata ile nta. Tulishuka mlima na boneti nyeupe kama iliyomwagiwa unga, watu wakitutazama njia nzima, Himo, Moshi, barabara ya Hai. Mimi nilishusha kioo nikakipandisha, nikakishusha tena. Tulipopita Himo nilijiambia nitasema tukifika Moshi. Moshi ilipopita nikajiambia nitasema darajani. Daraja likapita. Nilikuwa nimejiandaa na sentensi nzima, "Baba, kuna kitu sikukuambia," naitamka kimoyomoyo, na kila nilipovuta pumzi ya kuitoa, gari lilikuwa limeshaongeza mwendo.

Rafiki yake alikuwa anampimia mteja misumari. Alipotuona uso wote ulifunguka. "Meku!" alimwita baba, kama wanavyoitana wazee wa kwetu. "Karibuni! Jamani, leteni viti."

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu."

Baba hakukaa. "Njoo uone kitu," alisema.

Wakasimama wawili mbele ya mlango wa gari. Wateja watatu wakatoka dukani wakasimama nyuma yao. Baba alionyesha ule udongo mwekundu, akaeleza. Rafiki yake alipapasa mlango, akainamisha kichwa, akapapasa tena.

"Kweli umepakwa," alisema. "Lakini siku nilipolitoa bandarini haukuwa hivi. Nililitazama kwa macho yangu."

"Basi ama hukuona, ama uliona ukanyamaza."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Lilitoka mkononi mwako likaja kwangu."

"Tumejuana zaidi ya miaka thelathini," yule mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "na leo unakuja kuniita mwongo mbele ya wateja wangu."

"Sikukuita. Nimekuuliza."

"Umeniita."

"Ni mimi," nilisema.

Hawakunisikia. Nikasema tena kwa nguvu, na sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka. "Mlango niliugonga mimi. Mlipokuwa Dar. Nilichukua funguo, nikagonga lori Himo, nikampelekea fundi. Baba mdogo hana kosa."

Baba alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Hakunipigia kelele. Wateja walianza kutazama kando, mmoja akakohoa. Rafiki yake ndiye aliyezungumza kwanza.

"Ungesema kule nyumbani, mwanangu," alisema. "Usingemwacha aje mpaka hapa."

Akaingia dukani. Tulimsikia akiendelea kupima misumari, ikidondoka kwenye sahani ya mizani moja moja.

Baba alikwenda mpaka mlango wa dereva, akauweka mkono juu ya kitasa, akaurudisha. Akanirushia funguo. "Endesha wewe," akasema, akazunguka akakaa upande wa abiria.

Hivyo ndivyo nilivyopata usukani niliouomba miaka miwili. Niliendesha kutoka Kwa Sadala hadi Kilema mgongo umeniloa jasho, na katika safari ile yote baba alisema maneno manne: "Gia," tulipopanda, "Lori," tulipofika Himo, na nyumbani, nilipozima injini, "Kesho tutarudi."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, pale mimea ya masale ilipopandwa tangu enzi za baba yake, akakata majani mawili. Kwetu mtu aliyekosa hubeba jani la isale kwenda kuomba msamaha, na aliyekosewa akiliona hawezi kumfukuza. Moja akanipa mimi. La pili nilidhani ni la mama, aliyekuwa ametoka jikoni kututazama.

"Hapana," alisema. "Kugonga uligonga wewe. Maneno niliyasema mimi."

Rafiki yake alikuwa ametoka ibadani, bado amevaa suti, amekaa kibarazani nyumbani kwake. Aliyaona majani tukiwa bado getini. Alituacha tusimame, akinyoosha nyoosha tai yake. Kisha akasimama, akapokea la baba, akapokea langu, akayaweka juu ya meza pamoja.

"Nimepokea," alisema. "Siwezi kukataa. Lakini niache nikasirike kidogo, Meku. Mpaka kama Jumatano hivi."

"Kasirika," baba alijibu. "Ni haki yako."

Wakaletewa chai, wakanywa.

Wiki ile nilifanya kazi yangu ofisini nikikosea herufi kila mstari. Sikujua Jumatano itapita vipi. Nyumbani baba alizungumza nami mambo ya maziwa na ya wageni tu. Mama aliniambia mara moja, akimenya ndizi, kwamba hasira ya baba ingekuwa ndogo kama ningemwambia siku ileile aliyorudi, kisha akanipa kisu na mimi nimenye.

Alhamisi alasiri pikapu ya dukani Kwa Sadala iliingia uani kwetu. Yule mzee aliteremka na ndoo mbili na furushi la vitambaa vya pamba, akavua koti, akakunja mikono ya shati. "Harusi ni keshokutwa," alisema, "na boneti yenu bado ina unga."

Tukalimaliza sisi watatu. Ule mlango hatukuugusa kwa udongo tena. Yeye mwenyewe alisema rangi yake ni changa, ipakwe nta peke yake, tena nyembamba. Aliupaka kwa mkono wake, akangoja ukauke, akanipa kitambaa kikavu nifute. Nilifuta mpaka nikamwona yeye na baba ndani yake, wamesimama nyuma yangu wamevimba kidogo, wakibishana kama tufunge riboni nyeupe au ya dhahabu.

Dada alikwenda kanisani ndani ya gari lile, likiendeshwa na yule mzee. Mimi nilipanda kwenye pikapu pamoja na masufuria.

Walibaki marafiki, na mtu wa nje asingeona tofauti. Mimi niliiona. Baba alipotaka mabati ya kuezeka banda, alinunua mjini. Yule mzee alipouza pikapu yake, hakumwambia baba mpaka ilipokwisha kuchukuliwa. Hawakuuziana kitu tena hata siku moja, wala sikuwasikia wakilizungumzia jambo lile. Miguu ya baba ilipoanza kuuma ikawa kazi yangu kumpeleka Kwa Sadala kila Krismasi, akishika mkungu wa ndizi mbivu mapajani asikubali niuweke kwenye buti, na mimi nikawa nakaa nao kibarazani nikiwasikiliza wakigombana kuhusu bei ya kahawa hadi nilipowaambia muda wa kurudi umefika.