Msajili wa Matangi Mawili

Saa tatu na nusu asubuhi, swichi kuu ya kituo cha maji inashushwa kwa mara ya kwanza kati ya kumi. Feni inapunguza mwendo, inakufa. Mwanamke mwenye koti la buluu anahesabu mpaka ishirini kwa midomo, anaipandisha swichi, kisha anakimbia ukumbi mzima kurudi kwenye kompyuta kana kwamba itaondoka bila yeye.

Wenzake wanamwita Msajili. Kiti chake hakijapata joto tangu kinunuliwe. Mpokea simu anaapa kuwa kuku aliwahi kutagia hapo, akalalia, akaangua, na mwenye kiti hakugundua.

Kazi yake ni kuvipa vifaa majina. Kompyuta ya kituo inatumia mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Ndani yake, kila kifaa kilichochomekwa huonekana kama faili lenye jina. Tabu ni kwamba mfumo ukiachwa wenyewe hutoa majina kwa kuwahi: kifaa cha kwanza kuamka ni sifuri, cha pili ni moja.

“Ni kama watoto wanaogombea bafu,” anaeleza, macho yakiwa kwenye skrini. “Leo kawahi huyu, kesho yule. Sasa ukimwita mtoto kwa zamu yake ya kuoga, utawajua wanao?”

Watoto wenyewe ni vihisi viwili, vyombo vya kupima kina cha maji. Kimoja kiko kwenye tangi la juu, linalolisha hospitali. Kingine kwenye tangi la chini, la mitaani. Nyaya zao zinaishia kwenye kompyuta hii, nayo ndiyo hufungua na kufunga maji.

Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika, na uliporudi vihisi vikaamka vimebadilishana majina. Kompyuta ikaona tangi la juu limejaa, kumbe ndilo lililokauka. Maji yote yakaenda chini, yakafurika mpaka watu wakafulia barabarani. Hospitalini, wodi ya wazazi ilikaa saa nne bila tone. Muuguzi mkuu alikuja mwenyewe na ndoo mbili tupu, akaziweka juu ya meza ya meneja, akaondoka.

Si kwamba Msajili alikuwa amelala. Alishaandika kanuni ya kutambua kila waya kwa namba iliyotiwa kiwandani. Hakujua kuwa nyaya hizo mbili, zilizotoka boksi moja, zilipewa namba moja.

“Mapacha wenye cheti kimoja cha kuzaliwa,” anasema. “Nilimkagua mmoja. Wa pili nikaona nisimsumbue.”

Tangu siku hiyo meneja hakuiamini tena kompyuta, na maji yanapimwa kwa ufito. Anayepanda nao ni Fundi Pampu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Ngazi ya tangi la juu ina vipandio sitini na viwili, naye huipanda mara sita kwa siku. Magoti yake, anasema, yameanza kuongea, na hayana adabu hata mbele ya wakwe.

Msajili alianza kama msoma mita. Mambo ya kompyuta alijifundisha kwa miezi minane, kwa vitabu vya maelekezo alivyochapa nyuma ya bili zilizoharibika. Mumewe analalamika kuwa nyumbani sasa hata vijiko vina namba.

Leo meneja ametoa sharti: umeme uzimwe mara kumi. Majina yakikosea hata mara moja, kompyuta inatolewa, na Fundi atapanda mpaka siku ya kuagwa kazini. Msajili ana kanuni mpya, inayotoa jina kwa kuangalia tundu. Waya ulio tundu la kushoto ni “juu”, wa kulia ni “chini”.

Mara ya kwanza, sawa. Ya tatu, sawa. Kufikia ya nane meneja anapiga miayo juu ya simu yake, na Msajili amekimbia hata kola imelowa.

Mara ya tisa, skrini inaonyesha tangi la juu lina mita moja. Fundi alilipima asubuhi. Lina mita tatu.

Msajili anaingia chini ya meza. Anatoka na vumbi kwenye nywele. Nyaya zimehamishwa.

Fundi Pampu anakiri kabla ya kuulizwa. Alizibadilisha wakati Msajili yuko kwenye swichi.

“Mzee wangu, umeniua,” anasema Msajili.

“Siku moja mtu wa usafi atazichomoa ili adeki,” anajibu Fundi. “Atazirudisha anavyojua yeye. Nani atapanda? Bora nijue leo.”

Meneja anasema kushindwa ni kushindwa. Fundi anambishia kuwa aliyekosea ni yeye, si mashine. Mwishowe wanakubaliana: jaribio jingine Ijumaa, la mwisho.

Msajili hawasikilizi. Ameshaona njia: asiuamini waya wala tundu. Kanuni ikiulize kihisi chenyewe namba yake kabla ya kukipa jina. Lakini namba hizo zimegongwa kwenye vihisi vyenyewe, na safari hii anataka kuziona zote mbili kwa macho yake.

Ya tangi la chini anaisoma kwa dakika tano. Kisha anaitazama ngazi ya juu, ambayo hajawahi kuipanda. Fundi anaishika kwa chini, anamwambia asitazame nyuma. Anapanda kwa kusimama mara nne, anakaa kule muda mrefu kuliko kusoma namba kunavyohitaji, kisha anashuka kipandio kwa kipandio.

Namba ameiandika kiganjani. Haifanani na ya chini.

“Ijumaa nikishindwa, ufito nitaubeba mimi,” anamwambia Fundi, akishika njia ya ofisini. “Wewe hapa hupandi tena.”