Jicho la Soksi ya Saba

Hakuna mtoto aliyemeza kifungo. Hilo lisomwe kwanza, kwa sababu kwenye saluni ya ng'ambo ya barabara mtoto ameshameza vifungo vitatu, amepasuliwa tumbo, na kwa wanaokaa kiti cha dirishani amekwisha kuzikwa. Mtoto mwenyewe yu mzima, anakula kuliko umri wake, na majuzi alimng'ata mwenzake sikio. Na yule mwanamke anayesemwa kwamba huwalisha watoto wa watu takataka kwa jina la masomo ni mkwe katika nyumba inayojiheshimu, amesomea kazi yake miaka miwili, na cheti kiko ukutani kwa anayetaka kukisoma.

Watoto wanamwita Mwalimu. Ni saba, mkubwa wao hajatimiza miaka mitatu na nusu. Wanaletwa saa moja na nusu asubuhi na kuchukuliwa saa sita. Sebule wanayokaa ni ya mama mkwe wake, mjane aliyestaafu ukaguzi wa shule, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Mkaguzi na hakuna anayethubutu kumwita hivyo usoni pake. Mumewe Mwalimu anafanya kazi mji mwingine na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ni ya wanawake wawili. Siku Mwalimu alipoomba sebule, Bibi Mkaguzi alimaliza chai yake kwanza.

"Makochi yatasogezwa," akasema. "Picha ya marehemu haitasogezwa. Na mtoto wa mtu akipatwa na jambo humu ndani, litakaloharibika ni jina la nyumba hii, si lako peke yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Mwaka wa pili huo, kila asubuhi alifungua mlango na maneno yale yakiwa kifuani.

Mwalimu hanunui vifaa vya kazi. Trei za mayai hukatwa zikawa viwavi, maboksi ya dawa ya meno hufungwa kamba yakawa treni, na magazeti ya zamani ni ya kuchana tu, maana vidole vinavyochana leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Mpe mtoto wa miaka miwili gazeti na ruhusa ya kuliharibu, utakunywa chai yako ikiwa bado ya moto. Gundi huipika mwenyewe: kikombe kimoja cha unga wa ngano, maji vikombe vitatu, chumvi kidogo, akoroge motoni mpaka ing'ae, kisha ipoe. Mtoto akiilamba, amelamba uji. Rangi nyekundu hutoka kwenye bitiruti, ya njano kwenye bizari. Maneno ya takataka yalianzia hapo, siku mtoto mmoja aliporudi kwao na ulimi mwekundu na bibi yake asiulize kabla ya kupiga kelele.

Kuhusu vitu vidogo Mwalimu alikuwa mkali kama askari wa getini. Alikuwa na kile kipande cha mviringo cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, amekitundika msumarini. Kitu chochote alikipitisha humo. Kikikwama, mtoto apewe. Kikipita, hakishikwi na mtoto, labda kiwe kimeshonwa kikashoneka.

"Na wewe ukipata wako utampima humohumo?" msusi, mwenye ile saluni, aliwahi kumtania. Mwalimu alicheka naye. Ana miaka sita ya ndoa na hajapata mtoto, na msusi alilijua hilo.

Alhamisi moja alasiri alikaa kushona vikaragosi, wanasesere wa kuvaa mkononi. Alikuwa na soksi saba zilizopoteza wenzao, na kopo la biskuti ambamo nyumba hii hutupia vifungo vilivyokatika. Alichagua vifungo kumi na vinne vikubwa, akavishona kwa uzi wa njano uliokunjwa mara mbili, kila kifungo sindano ikipita mara tisa. Akamaliza, akakivuta kila kimoja kwa meno. Kifungo alichoshona Mwalimu ungeweza kukitundikia ndoo ya maji. Akazipanga soksi kwenye rafu iliyo chini ya picha ya baba mkwe wake, macho kumi na manne yakitazama chumba, ili kesho watoto wazibandike nywele za uzi wa kufumia na masikio ya karatasi.

Kama ni lazima kosa lake litafutwe, basi ni hili: alivihesabu vifungo Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi hakuvihesabu tena.

Ijumaa watoto walibandika. Gundi ilifika kwenye nyusi, kwenye viatu, na kwa namna isiyoeleweka mgongoni mwa mtoto aliyekuwa amelala. Saa tano na nusu Mwalimu akaanza kukusanya soksi. Ya kwanza, macho mawili. Ya pili, mawili. Akaendelea hivyo hadi ya saba. Ya saba ilikuwa na jicho moja.

Aliigeuza upande wa pili, halafu akaigeuza tena. Akapiga magoti, akapapasa chini ya kochi. Akakung'uta mkeka. Akatia mkono kwenye beseni la gundi mpaka kiwikoni. Akawapapasa watoto mifuko mmoja mmoja akiwaimbia, ili wadhani ni mchezo.

Ndipo akamwona Kibonge. Mama yake Kibonge ni karani wa posta, na ndiye aliyempa jina hilo. Alikuwa amekaa peke yake pembeni, ngumi nzima mdomoni, udenda umelowesha kifua. Mwalimu akammenyea ndizi. Kibonge akaisukuma. Mtoto huyu hajawahi kukataa ndizi ya mtu yeyote. Kisha akakohoa.

Mwalimu alimfungua kinywa, akapitisha kidole. Hakuna kitu. Mtoto alikuwa anapumua, tena analia, na anayelia anapata hewa, hilo alifundishwa. Lakini kifungo kilikuwa wapi?

Wazazi wangefika baada ya nusu saa. Hakuna aliyejua ila yeye. Angeweza kuikunja ile soksi na kuitia mfukoni, akamkabidhi mtoto kwa mama yake na kusema leo hana hamu ya kula. Wazo hilo lilimjia, na hakulificha baadaye alipoulizwa. Akachukua simu.

"Mama Kibonge, kwanza mwanao anapumua vizuri. Lakini kuna kifungo kimepotea, na yeye anatoa udenda na amekataa kula. Nampeleka hospitali sasa hivi. Tukutane huko."

"Kifungo cha nini?"

"Jicho la soksi."

"Jicho la nini?"

Bibi Mkaguzi alikuwa ametoka tangu asubuhi, na simu yake, kama kawaida, ilikuwa imebaki kabatini. Mwalimu akavuka barabara, akamwomba msusi akae na wale sita. Msusi alikuja mbio, kwa hilo ashukuriwe, na wateja wake wawili wakamfuata na vichwa vyao nusu vimesukwa. Ndivyo habari ilivyoingia saluni.

Hospitali walimpiga mtoto picha ya eksirei. Karani alikuwa amefika na sare yake ya kazi, amembana mtoto kifuani, wala hakumtazama Mwalimu hata mara moja. Daktari aliishika picha mbele ya taa.

"Hakionekani kitu."

"Afadhali," karani akashusha pumzi.

"Sijasema hakipo, mama. Nimesema hakionekani. Kifungo cha plastiki picha hii haikioni." Akaeleza: waangalie pumzi, waangalie kutapika, na kila atakachotoa mtoto kwenye poti kikaguliwe kwa siku kadhaa. Pumzi ikibadilika warudi bila kungoja.

Nje kwenye benchi karani ndipo alipozungumza, polepole.

"Kwa hiyo mimi sasa kazi yangu ni kuchambua poti."

"Nitakuja kuchambua mimi, dada. Asubuhi na jioni."

"Kwangu usije. Nilikuachia mtoto, wewe ukampa soksi yenye macho. Kwa wenzio watoto wanapewa mpira."

Mwalimu alirudi kwa miguu. Alipopita mbele ya saluni, mashine ya kukaushia nywele ilizimwa. Msusi alikuwa amesharudi kwenye kiti chake, wale sita wamechukuliwa na wazazi wao, na kwenye simu ya Mwalimu kulikuwa na ujumbe wa baba mmoja: Jumatatu hatutaleta mtoto, asante kwa yote.

Alikaa sakafuni na ile soksi. Hakuwa na nguvu ya kulia. Akaanza kuvuta jicho lililobaki, bila kusudi, kisha kwa kusudi. Alitaka kujua ni nguvu gani mtoto aliitumia. Akalivuta kwa mikono miwili, akalivuta kwa meno. Soksi ikarefuka, kitambaa kikatoboka, uzi ukaanza kuchanika na kuota manyoya, na kifungo bado kikang'ang'ania. Akatazama upande wa pili. Pale kitambaa hakikuvutika wala kutoboka. Nyuzi za njano zilikuwa fupi, zote sawasawa, kama nyasi zilizofyekwa.

Mtoto havuti hivyo. Huo ni mkasi.

Mikasi katika nyumba ile ni miwili. Mmoja hukaa ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Wa pili uko kwenye droo ya mama mkwe.

Mkwe anamuulizaje mama wa mumewe jambo kama hilo? Anaanza na neno gani? Mwalimu alilipanga swali mara nne, na Bibi Mkaguzi alipoingia saa kumi, mtandio begani na mkoba mkononi, yote aliyoyapanga yakamtoka.

"Mama, naomba unisamehe. Soksi hii ilikuwa na macho mawili."

Bibi Mkaguzi aliitazama soksi, akamtazama mkwewe, akaweka mkoba mezani.

"Kifungo cha kahawia, matundu manne."

"Hichohicho, mama."

"Ni cha koti la baba yenu. Leo nilikuwa nalipeleka kwa fundi alipunguze, mwanangu alivae. Nakagua vifungo, kimoja hakipo. Nainua macho, nakiona kimenikodolea kwenye soksi, chini ya picha yake. Nilikikata. Kabla ya saa moja, wewe uko jikoni unapika gundi."

"Sikujua, mama. Nilikitoa kwenye kopo."

"Najua hukujua. Ndiyo sababu sikusema. Ningesema asubuhi ile ningesema vibaya, nikaona heri niondoke. Sasa kuna nini? Mbona uko hivyo?"

Mwalimu akamweleza, kuanzia ndizi mpaka poti. Bibi Mkaguzi alisikiliza akiwa amesimama. Aliposikia kwamba mtoto amepigwa picha, akashika kiti, lakini hakukaa.

"Vaa viatu," akasema.

Walipita kwa fundi kwanza. Koti lilikuwa limefumuliwa mabega, limejaa pini, na fundi akalalamika kwamba hajamaliza. Bibi Mkaguzi akalichukua hivyo hivyo na pini zake. Wakafika kwa karani jua likiwa bado juu. Karani alifungua mlango nusu.

"Nilisema usije."

"Mimi hukuniambia," Bibi Mkaguzi akasema. "Naomba dakika mbili, nikiwa hapahapa nje. Soksi ni hii, tazama uzi ulivyokatwa. Koti ni hili, tazama kifungo. Nilikikata mimi, kabla mwanao hajafika kwetu, na sikumwambia mtu. Mwanao hakumeza kitu. Mkwe wangu amebeba kosa langu mchana kutwa. Nisamehe."

Karani alilitazama koti bila kulishika.

"Nitajuaje kama hamkutafuta kifungo kingine? Vifungo vya kahawia vimejaa madukani, bibi. Na wewe una jina la kulinda."

Mwalimu aliona shingo ya mama mkwe wake ikikakamaa. Katika miaka yote hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo bila kujibiwa. Lakini Bibi Mkaguzi akazidi tu kunyoosha koti. Mwalimu ndiye aliyesogea, akakigeuza kifungo kwa ukucha. Fundi, kwa haraka zake, alikuwa ameshona uzi mweusi juu ya mabaki ya uzi wa kwanza. Kwenye matundu mawili vilichomoza vipande vya uzi wa njano. Akaiweka soksi kando yake. Njano ileile, iliyokunjwa mara mbili vilevile.

Karani alitazama muda mrefu. Ndani, Kibonge alikuwa analia kwa hasira.

"Na udenda?"

"Niruhusu nimguse ufizi wa nyuma," Mwalimu akasema. "Hospitali waliangalia koo. Naona ni magego."

Karani akafungua nusu ya mlango iliyobaki. Ufizi ulikuwa umevimba, wa moto, na ncha nyeupe imeanza kutokeza. Kibonge alimng'ata kidole, na Mwalimu akakiacha kidole pale.

Jumatatu saa moja na nusu Mwalimu alisimama mlangoni. Walikuja watano. Wawili hawakuja na mpaka leo hawajaja, na nafasi zao hazijajazwa, kwa kuwa maneno ya saluni hutembea kuliko ya karani wa posta. Karani alifika wa mwisho, akamkabidhi mtoto na kikapu.

"Jino limetoka," akasema. "Leo mnafanya nini?"

"Magazeti tu, dada. Kuchana."

"Haya."

Alipoondoka, msusi alivuka barabara. Bibi Mkaguzi alikuwa kibarazani akisoma.

"Bibi, mie nakwambia kwa mapenzi," msusi akasema. "Watu wanasema hilo la koti mmelitunga, unamkinga mkweo. Wengine wanauliza, kifungo kimoja, hasira zote hizo? Kati yako na huyu binti kuna nini hasa? Sema, tuwajibu."

Bibi Mkaguzi alikunja gazeti.

"Nilichokata nimesema nimekikata. Nimemwomba radhi mama wa mtoto, na nimemwomba radhi huyu aliyeko ndani. Kilichobaki ni cha nyumba hii. Hukisikii leo, na kesho ukija hutakisikia."

"Lakini, bibi..."

"Nimemaliza."