Tulivyomsamehe Mireille

Katika kijumuiya chetu cha Wakatoliki hapa Kamina, kiongozi ni Mama Kyabu, na tangu ashike uongozi hakuna dhambi iliyompita. Ya kwangu anaijua, ya jirani yangu anaijua, na ya mtoto wa jirani ambaye bado anatambaa anaifuatilia. Kila Alhamisi alasiri tunakutana uani kwake kusali. Ukifika wakati wa nia, wengine huombea mvua na wagonjwa. Yeye huombea watu, kwa majina, tena kwa maelezo ya kutosha.

"Tuombee Papa Monga," atasema, macho yamefumbwa. "Jana alilala mu mufereji karibu na soko, ee Bwana, na kiatu moja tu."

"Bwana, utusikie," tunajibu, na kila mtu anarudi nyumbani na habari za kiatu.

Papa Monga alikuwa amelewa lutuku, ile pombe kali ya mahindi, na lutuku hiyo hupikwa na Mama Kyabu mwenyewe, nyuma ya jiko lake. Sitoboi siri, mtaa mzima unasikia harufu. Ila akinywa Monga ni dhambi, akipika yeye ni kazi ya mjane. Tulishazoea. Ukimchunguza sana bata humli, na mimi mwenyewe nilikuwa nikipita pale kupata kikombe, siku za baridi.

Kwenye kitubio mambo ni yale yale. Alitusimulia mwenyewe, tena kwa kujisifu: alipiga magoti akamweleza padri habari za mkwe wake, za dada yake wa Kabongo, na za wanawake watatu wa kwaya. Padri akamwambia, "Mama, hizo ni za wenzako. Zako ziko wapi?" Mama Kyabu akafikiri sana. "Mon père, zambi yangu njo hii: niko nabavumilia sana."

Nisimwonee, lakini. Amezika mume na watoto wawili, na shamba lake la muhogo analilima peke yake. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, na hafiki mikono mitupu, anakuja na unga. Atapika bukari, ugali wetu, ya watu mia, atafagia, atalia nawe kwa machozi ya kweli. Ndiyo maana tunampenda na kumwogopa kwa pamoja, kwa sababu hakuna ajuaye msiba utamfikia lini.

Mireille alikuja Kamina kumfuata mume. Lumbala ni askari wa Base, kambi ya jeshi, na mkewe ametoka mbali, huko wanakosema Lingala. Kiswahili alijifunzia sokoni, akiuza samaki wakavu wa Mulongo. Mwaka huu alikuwa na jambo moja tu rohoni. Lumbala alipata amri ya kuhamia mashariki, penye vita, na familia ingeondoka naye wiki ya Pasaka kwenda kukaa kwa wakwe. Mireille alitaka binti yao Gracia, mtoto wa miezi saba, abatizwe kabla baba yake hajaenda huko ambako si wote hurudi. Watoto hubatizwa Jumatatu ya Pasaka. Lakini padri habatizi bila barua ya kijumuiya. Barua huandikwa na mimi, Kitwa, katibu. Sahihi ni ya Mama Kyabu.

Hapo ndipo sufuria inapoingia. Tuna sufuria moja kubwa ya kupikia matangani, ina msalaba mweupe wa rangi ubavuni, na ilikuwa haionekani tangu Februari. Mama Kyabu alishikilia kwamba imebaki Base kwa Mama Likoke, aliyekuwa amefiwa mwezi ule. Kwa kuwa Mireille alikuwa anaenda Base kwa mumewe, akatumwa aichukue.

Alirudi Alhamisi, katikati ya Kwaresima, na sisi tumekwisha kuanza. Tulikuwa kwenye sala ya kutubu yenyewe, ngumi vifuani, "nimekosa mimi, nimekosa sana." Mireille akaingia na vumbi la njia, mtoto mgongoni, anahema, akasimama mbele ya kiongozi.

"Mama, nimekosa."

Kwetu neno hilo lina nyumba mbili. Sokoni, ukitafuta chumvi usiipate, unasema umekosa. Kanisani ukisema umekosa, umetenda dhambi. Mireille alisema la sokoni: sufuria hakuikuta. Mama Kyabu alikuwa bado na ngumi kifuani, akasikia la kanisani: kwamba sufuria ameiiba yeye.

"Leza wami, Mungu wangu! Kumbe njo weye?"

"Ndiyo, mama. Nimekosa kabisa."

Weee! Wimbo ulianza hapo hapo. Wanawake walimkumbatia mmoja mmoja, huyu analia, yule anampapasa mtoto kichwani. Miaka mingi tulikuwa tukiombea wenye dhambi, na hatimaye mmoja amejileta kwa miguu yake. Mireille alifungua kinywa, "Hapana, minyi niko nasema..." lakini nani angemsikia? Papa Monga peke yake, kwenye kiti cha karibu na mlango, alipiga kelele: "Anasema hakuiona!" Akaambiwa anyamaze, amelewa. Na kweli alikuwa amelewa.

Wiki hiyo Mireille alikwenda kwa Mama Kyabu mara tatu kueleza.

"Usirudie nyuma, mutoto wangu," Mama Kyabu alimwambia kwa upole. "Shetani njo iko nakuvuta. Ulishasema ukweli mbele ya bantu."

"Mama, minyi siko mwizi."

"Tunakusamehe. Juu ya nini unakataa musamaha?"

Kadiri alivyokana, ndivyo wanawake walivyofunga kwa ajili yake. Mmoja alifunga siku mbili, bila hata chai. Sharti likawa wazi: Mireille asimame Alhamisi, atamke kwa kinywa chake kwamba aliiba, ndipo barua itiwe sahihi. Na Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka majina ya watoto parokiani.

Akasimama. Hakututazama sisi, alimtazama mtoto.

"Niliiba sufuria," alisema. "Sasa munipe barua ya mutoto."

Mama Kyabu alilia. Nilimwona, yalikuwa machozi ya kweli. Akatia sahihi pale pale juu ya goti lake, na Mireille akaikunja barua akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Hajaketi, Papa Monga akaingia akitokea nyuma ya jiko, na sufuria kichwani. Alikuwa amekwenda kujitafutia kikombe chake kama kawaida, akaikuta imejaa mahindi yaliyochacha, akayamwaga. Maji ya mahindi yalimtiririka masikioni. Msalaba mweupe ulikuwa mbele, kila mtu aliuona.

"Sufuria ya Mungu iko napika lutuku!" akasema, akaitua chini.

Mama Kyabu aliitazama sufuria, akamtazama Monga, akatutazama sisi. Moyoni nikasema, leo ndiyo leo. Kisha akainua mikono juu.

"Munaona? Munaona kazi ya Mungu? Mireille ametubu, na sufuria imerudi!"

"Amina," tukasema. Nami nilisema. Kuhusu sufuria kufika nyuma ya jiko lake, alieleza kwamba aliichukua siku ya matanga akasahau, na kusahau si dhambi, ni uzee. Mwisho wa sala Monga aliombewa, kwa kumwaga mahindi ya mjane.

Gracia alibatizwa Jumatatu ya Pasaka. Lumbala alivaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka, akamshika binti yake kama mtu anayeshika yai. Baadaye tulikula kwao wali na samaki, kijumuiya kizima. Mireille alinipakulia mwenyewe, akainama kando yangu.

"Papa sekretere, Mama Kyabu hakusikia Kiswahili yangu. Sawa. Lakini weye ulifundisha batoto ya basoda myaka kumi. Weye ulisikia."

Ni kweli. Nilifundisha watoto wa askari pale Base miaka kumi, na namna yao ya kusema naijua kama ya mke wangu. Siku ile nilielewa kabla hajamaliza, nikainamia daftari.

"Nilisikia, mama."

"Na ulinyamaza."

Nilisema habari ya wimbo, kwamba ulikuwa na kelele. Aliniongezea wali, akangoja. Nikaona haya, haya ya kweli.

"Nitasema jeudi," nikamwambia. "Mbele ya bote."

"Jeudi minyi siko, papa. Tunaenda mercredi. Lakini sema. Basimuite huyu mutoto ya mwizi."

Waliondoka Jumatano, kama alivyosema. Alhamisi nilikwenda na karatasi mfukoni, maneno nimeyaandika vizuri, mistari sita. Mama Kyabu alifungua sala kwa kumsifu Mireille: tangu azaliwe hajaona toba kama ile. Wanawake walilia tena. Maneno yalikuwa mazuri mno, nikajiuliza mimi ni nani hata nivunje imani ya watu. Tena mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa sana wiki ile, na nilijua ni nani angefika kwangu wa kwanza na unga. Karatasi ikabaki mfukoni.

Jumapili padri alihubiri juu ya msamaha. "Hapa hapa kwetu," alisema, "kulikuwa na mama mmoja, mwizi, alitubu mbele ya wote. Jina lake silitaji."

Kanisa zima likageuka kutazama benchi alilokuwa akikalia Mireille. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Niligeuka pia.