Akina Mama wa Jumapili

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani Dodoma, jirani yetu Mhindi, muuza vitambaa, alinunua deki ya video. Jumapili mchana alitufungulia mlango, watoto kwa wazee, tukavua viatu na kukaa mkekani kutazama sinema za Kihindi. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza.

Bibi yangu, mzaliwa wa Haneti, hakujua Kihindi wala Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. "Mjukuu wangu, si unasoma shule wewe? Niambie wanasema nini."

Nilikuwa darasa la tano. Maandishi yale hayakumsubiri mtu. Ukisita kwenye neno moja, matatu yameshapita. Nikajifunza kudaka neno, kumtazama msemaji usoni, kubahatisha yaliyobaki, kisha kumwambia Bibi kwa Kigogo. Maneno yaliyonishinda niliyaandika kiganjani, nikayatafuta kwenye kamusi ya baba. Nilipofika darasa la sita, nilimshinda mwalimu wangu kusoma Kiingereza, na kiburi nilikuwa nacho, sifichi.

Ila nilikuwa na kosa langu. Kila mama alipokufa kwenye sinema, nilimwambia Bibi kwamba amepelekwa Bombay kutibiwa. Sikutaka apate simanzi. Bibi aliitikia, "Haya, apone," akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Mwaka huo akaanza kukonda. Hospitali walimwambia akapumzike nyumbani, wakampa karatasi ya Kiingereza ampe baba. Baba alikuwa Kondoa kikazi. Bibi akaketi kwenye kigoda uani, akanikabidhi mimi.

Niliisoma kimoyomoyo. Ugonjwa ulioandikwa pale niliujua vizuri. Ndio uliowaua akina mama wa Jumapili. Niliogopa. Nikafungua mdomo, na Bombay iko tayari kwenye ncha ya ulimi.

Bibi akanishika kiganja.

"Mjukuu wangu, wale mama wa sinema walikuwa wanafunikwa shuka jeupe, na mimi macho ninayo. Nilikuacha useme hivyo kwa sababu nilijua unanihurumia. Hii nisomee kama ilivyoandikwa."

Nikamsomea kwa Kigogo, neno kwa neno, huku nalia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniachia mkono.

"Haya," akasema.