Nchi Iliyozima Mafeni

Oyugi, fundi wa stima na kompyuta katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kiptere, hakuwa na subira na habari za vita vya mtandao. Redio ikisema nchi fulani imeizimia nyingine stima kwa kompyuta, yeye anacheka tu. "Miaka ishirini na mbili nimetengeneza hizi mashine," huwaambia vijana. "Nimeona zikiuawa na panya, zikiuawa na radi, na sanasana zikiuawa na watu. Serikali bado sijaona." Na ukimbishia, utakaa hapo mpaka chai yako ipoe.

Basi Jumanne moja asubuhi mafeni ya kunyausha majani ya chai yakazima yote kwa mpigo. Majani ya jana yakapata joto, yakaanza kuwa mekundu. Kompyuta inayoendesha mafeni ikakataa kuwaka. Meneja Weldon, kijana msomi aliyetoka semina Nairobi wiki iliyopita, akakifunga chumba cha kompyuta hiyo kwa kufuli na kuita wafanyakazi wote. Tumeshambuliwa na nchi ya kigeni, akawaambia. Wataalamu wanakuja Alhamisi. Mpaka hapo hakuna kugusa kitu, na hakuna kupokea majani.

Wengine waliona hata fahari kidogo, kiwanda chao kujulikana mpaka ng'ambo. Oyugi alinyamaza. Oyugi huyo, kunyamaza!

Asubuhi hiyo, kabla mafeni hayajazima, baridi ilikuwa kali, naye alikuwa amechomoa waya wa kompyuta ili achomeke birika lake la umeme. Alitaka chai tu. Akaitwa nje, akasahau, na betri ya akiba ikaisha. Aliporudisha waya, programu ilikuwa imeharibika. Kuitengeneza si kazi ya wataalamu. Nakala ya programu anayo kwenye droo, nusu saa tu. Lakini mlangoni pa chumba hicho kuna tangazo aliloliandika yeye mwenyewe: atakayechemsha kitu humu, kazi yake imekwisha. Alibakisha miaka miwili astaafu, na nyumba anayoishi na mkewe Christabel ni ya kiwanda. Vita alivyovicheka maisha yake yote ndivyo vilivyokuwa vimemficha, na aliona haya.

Akatoka mpaka getini. Bilhah, mkulima wa jirani, alikuwa amerudishwa pamoja na gunia lake la majani. Ametandaza majani juu ya leso yasishike joto.

"Mzee Oyugi," akamuuliza, "hiyo nchi sisi tuliikosea nini?"

"Hamkuikosea kitu, mama."

Akarudi moja kwa moja ofisini. "Meneja, fungua chumba. Hakuna nchi. Ni mimi, nilikuwa nachemsha chai."

Weldon akasukuma mlango wa ofisi ukafunga. "Mzee, ripoti imeshaenda kwa wakurugenzi. Si ungenyamaza tu? Alhamisi si mbali."

"Kwako si mbali. Bilhah ameanika majani kwa leso hapo nje."

Weldon akatoa ufunguo polepole. Kufika saa saba mafeni yalikuwa yanavuma na foleni ya magunia inasonga. Saa kumi Oyugi akapewa barua ya kuachishwa kazi. Hakubishana nayo; sheria ilikuwa yake. Alichukua koti na birika lake, akatoka.

Getini Bilhah alikuwa anakunja gunia tupu, uso umechangamka.

"Ile nchi imeshindwa, mzee?"

"Imeshindwa, mama," Oyugi akasema. "Sasa inaenda nyumbani kumwambia mke wake."