Vifungo Ishirini na Viwili

Mwalimu mkuu alinisingizia mbele ya wazazi na watoto kwamba nimevuruga kazi za watoto kwa sababu sijui kusoma. Kusoma kweli sijui. Kuvuruga sikuvuruga.

Pale chekechea nilikwenda mwenyewe kujitolea, kila Jumatano, kuwafundisha watoto wa miaka minne na mitano kutengeneza wanasesere. Vitambaa alinipa fundi cherehani, jirani yangu. Mtoto wa umri ule humpi sindano. Anajaza vipande ndani ya soksi kuukuu, anafunga uzi shingoni, anafunga kiunoni, anabandika macho kwa gundi. Mwanasesere mmoja wiki nne, na gundi mpaka kwenye nyusi.

Sasa yupi ni wa nani? Majina siwezi kuandika. Nikaja na kopo langu la vifungo, kila mtoto akachagua chake, nikakishona mgongoni mwa mwanasesere wake. Watoto ishirini na wawili, vifungo ishirini na viwili, hakuna viwili vinavyofanana. Hata siku moja hatukukosea.

Kishoto, tuliyemwita hivyo kwa mkono anaotumia, alichagua kifungo kikubwa cheusi cha koti. Uzi ulimtesa. Wenzake walimaliza, yeye bado anahangaika na shingo, na ukitaka kumsaidia anakupa mgongo. Siku alipofaulu alinivuta gauni nikaone.

"Shangazi, kichwa hakidondoki. Nitampa mama."

Siku ya wazazi nikakuta wanasesere wamepangwa mezani, kila mmoja na karatasi ya jina kifuani. Vifungo vyote vimo kwenye kikombe cha chai. Nikamwendea mwalimu mkuu.

"Mwalimu, nani kavikata?"

"Mimi. Vilikuwa vinaonekana ovyo, shangazi. Majina nimeyafuata kwenye daftari la mahudhurio."

"Umejuaje yupi wa nani?"

"Matambara tu haya. Watoto wadogo hivi watajua nini?"

Walijua. Karibu kila aliyeitwa alipewa asiye wake, na kilio kikaanza mstari wa mbele kikaenda mpaka nyuma. Kishoto hakulia. Alimgeuza aliyepewa, akamtazama mgongoni, akamrudisha mezani. Wa kwake alikuwa ameshatoka getini kwenye mfuko wa mama wa mtoto mwingine.

Baba mmoja akauliza kulikoni. Mwalimu mkuu akacheka kidogo.

"Mtuwie radhi. Huyu shangazi yetu anajitolea, lakini hakusoma, ndiyo maana kazi za watoto zimechanganyika."

Wazazi wakanitazama kwa huruma. Afadhali wangenitukana. Nikasema, "Mwalimu, kikombe kile pale." Akanipapasa bega kama mtoto.

"Basi, shangazi, yameisha."

Jumatano iliyofuata nilikwenda, maana watoto hawana kosa. Kishoto hakugusa kitambaa. Alisimama mbele yangu akauliza, "Shangazi, ulimpa nani wangu?"

Ulimpa. Yaani mimi. Nikamwambia siyo mimi, akanitazama kama wale wazazi.

Kifungo cha koti ninacho mfukoni mwa gauni. Mwanasesere hajarudi, na mwalimu mkuu hajamuuliza hata mzazi mmoja. Samahani anayopaswa kuniomba mimi akae nayo. Anachodaiwa na Kishoto ni mwanasesere mwenye kichwa kisichodondoka, na maneno matatu, ayaseme yeye mwenyewe mbele ya wale watoto: vifungo nilivikata mimi.